Mama Séverine na Chai ya Deo

Siku Deo alipompeleka mama yangu kunywa chai ya saa kumi, alivaa suti. Mpanda, mwezi wa kumi, jua linachoma mpaka mbwa wanalala mitaroni, na mwanaume amefunga tai kwa ajili ya kikombe cha chai. Lakini nilitaka anioe, na mama alikuwa ametoka kambini Mishamo kuja kumtazama. Baba alishafariki, na baba zangu wadogo walikuwa wamesema wazi: mama yangu Séverine akimkubali huyo kijana, watapokea washenga wake, akimkataa, wasijisumbue kuja.

Hoteli yenyewe ni ile mpya ya ghorofa yenye vioo vya bluu, iliyojengwa na mtu ambaye nadhani hoteli aliiona kwenye televisheni. Mlangoni kuna simba wawili wa saruji, na mmoja ana uso wa mbuzi. Ndani viti ni vya kuzama. Ukikaa, magoti yanakufikia kidevuni. Deo alizungumza na mhudumu kwa Kiingereza, mhudumu akamjibu kwa Kiswahili kila mara, na bado Deo hakuchoka. Ikaja chai ya kifuko, maji yameshapoa, pamoja na sahani tatu zilizopachikwa moja juu ya nyingine kwenye chuma kimoja: mikate iliyokatwa kingo, keki ndogo ndogo, sambusa za kumeza mara moja. Shangazi zangu wa Mishamo wangeona aibu kumwekea mgeni chakula kiduchu namna ile.

Mama alikitazama, akashukuru, akaweka mikono mapajani. Hakugusa kitu.

Moyo wangu uliruka kwa furaha. Kwetu, watu tuliotoka Burundi, mama mkwe hatii kitu mdomoni mbele ya mkwewe. Si maji, si punje ya karanga. Atakula chumbani, atakula jikoni, lakini si mbele ya mwanaume anayemwoa binti yake. Kwa hiyo mama alipotuliza mikono yake alikuwa ameshajibu. Alikuwa anamwambia Deo kwamba amemkubali, na kwa heshima kubwa kuliko aliyostahili.

Na Deo alijua. Amezaliwa Katumba, kambi nyingine ya Warundi, amelelewa na bibi asiyejua neno la Kiswahili, ingawa tangu apate kazi kwenye kampuni ya mbegu anajiita mtu wa Sumbawanga. Alijua vizuri kabisa, na bado akamwonea mama yangu aibu. Akaanza kumshurutisha. Akasema mambo hayo ni ya kizamani, ni ya kambini, hapa ni mjini. Akachagua keki, akaisukuma mbele yake kama anayembembeleza mtoto mgonjwa. Akamfundisha hata kushika kikombe, kidole cha mwisho kimenyooshwa, na hicho kidole chake kina ukucha mrefu wenye uchafu. Mama alitabasamu, akasema ameshiba. Alikuwa ametoka safarini na tangu asubuhi hajala. Njaa ilionekana usoni mwake. Niliinamia kikombe changu nisije nikatoa neno la kunikosesha mume.

Ndipo akaingia meneja wa Deo kazini, Isidori. Deo alisimama kwa haraka mpaka kijiko kikaanguka. Meneja akampa mama shikamoo kwa adabu, halafu akamuuliza Deo kama huyu ndiye mama mkwe aliyesikia anakuja.

Deo alimtazama mama kuanzia kilemba mpaka kandambili.

"Hapana, bosi," akasema, huku akicheka. "Mama mkwe bado hajafika. Huyu anatuletea asali kutoka huko porini, nikaona leo nimwonyeshe hoteli."

Meneja akaenda zake kwenye meza ya dirishani. Deo akakaa, akajipangusa jasho, akanong'ona kwamba tusimwelewe vibaya, bosi ni mtu anayeangalia sana unakaa na nani. Nilimdharau mpaka nikasikia baridi mwilini. Nilimtazama mama kuona kama amesikia.

Alikuwa amesikia. Alikivuta kile chuma chenye sahani chote upande wake, akachukua sambusa, akaila. Akachukua nyingine. Akamimina chai kwenye kisosi, akainywa kwa sauti iliyofika mpaka dirishani. Alikula kama mtu aliyerudi kutoka shamba, bila haraka, na muda wote macho yake yalikuwa kwa Deo.

Mwanzoni yule mjinga alifurahi. Akaniambia unaona, mama ameshazoea mjini. Aliendelea kucheka peke yake kidogo, kisha akanyamaza. Alichofundishwa na bibi yake kilikuwa kimemfikia, kwa kuchelewa. Akageuka kwangu nimsaidie, nikamwacha.

"Mama," akasema kwa sauti ndogo, "basi. Nakuomba usile."

Mama alimaliza kwanza keki iliyokuwa mdomoni. Akajipangusa vidole kwa kitambaa cha hoteli, kimoja baada ya kingine.

"Kwa nini nisile, kijana? Kwani hapa kuna mkwe?"

Akachukua mkate, akaukata katikati, akanipa nusu. Nikaupokea, nikala.