Karatasi za Maandazi

"Mama, daftari langu la michoro liko wapi?"

"Kabatini. Nimelifunika lisipate vumbi."

Nilifungua kabati. Lilikuwepo lile jipya, lenye magauni niliyoyanakili kwa rula na kuyapaka rangi.

"Si hili, Mama. Lile la jalada jeusi."

"Lile la kuchorachora?" Alishangaa kweli. "Winnie, lile si limejaa makosa? Nimefungia maandazi asubuhi hii."

Nikakaa sakafuni.

Mwaka mzima nilikuwa nimefikiria ndani ya daftari lile. Chochote kilichonikamata macho nilikichora humo: magamba ya sato, mafundo ya nyavu, mawe makubwa ya kilima cha Igogo yanavyobebana, kola, mikono ya magauni iliyokataa kukaa. Madam Odeta, mbunifu wa mavazi kule Capri Point, alikuwa anachukua mwanafunzi mmoja tu, na alishatuonya sisi waombaji: "Msiniletee kazi safi. Nileteeni daftari mnalokosea ndani yake." Alikuwa anachagua mchana huu. Nikikosa, Jumatatu naanza kukata minofu ya samaki kiwandani, mjomba ameshanitafutia nafasi. Dada yangu anafanya kazi hiyo. Akirudi jioni vidole vyake havishiki hata kijiko vizuri.

Nilikimbia mpaka stendi ya Buzuruga, Mama anakouzia maandazi kila asubuhi.

"Kaka, naomba hiyo karatasi."

Zadok wa bodaboda akaacha kutafuna. "Na andazi nilishike na nini?"

"Na huo mdomo wako mkubwa. Lete!"

Wenzake wakaangua kicheko. "Mnaona biashara hii?" konda mmoja akapaza sauti. "Mama anauza, binti ananyang'anya!"

Sikujali. Nilipiga magoti chini ya mabenchi, nikapekua mtaroni. "Shikamoo baba," nilimwambia mzee mmoja, na kabla hajamaliza kusema marahaba alikuwa ameshajipangusia vidole kwa mchoro wa kola yangu bora. Nyingine ilikuwa imepanda basi la Bunda na mwenye nayo. Nilitaka kulia, lakini ningelia saa ngapi?

Nilipogeuka nilimwona Mama, amenifuata mbio, kanga imemteleza kichwani, mkono wake umezama katika pipa la taka. "Hii je, mwanangu?" Ilikuwa hesabu ya mtoto wa darasa la nne. Akaitupa, akazamisha mkono tena.

Niliondoka na karatasi chache, zimelowa mafuta, zinanuka iliki.

Madam Odeta alizipokea kwa ncha za vidole. Msichana mwingine aliyeomba nafasi ileile alikuwa amekaa pembeni na daftari lake nene, anakunywa chai, ananitazama kwa huruma ambayo sikuitaka.

"Ndiyo hizi tu?"

"Nyingine zimeliwa, Madam. Yaani, zimefungiwa maandazi."

Hakucheka. Alizipitisha moja moja, na kila alipoweka moja mezani nilihisi mlango ukisogea kufungwa. Ya mwisho aliinua kwenye mwanga wa dirisha ili aone vizuri.

"Bega hili umelichora lini?"

Nilisogea. Upande wa mbele nilikuwa nimechora gauni ambalo bega lake lilinishinda miezi, linaanguka kila nilipolijaribu. Upande wa nyuma, siku nyingine kabisa, nilichora mawe ya Igogo. Mafuta yalikuwa yameipenya karatasi, pande zote mbili zikaonekana kwa pamoja. Mawe yalikuwa yamepanda juu ya bega, jiwe juu ya jiwe, na bega lilikuwa limesimama.

Ningeweza kudanganya. Jibu lilikuwa tayari ulimini.

"Sijalichora, Madam. Ni mafuta ya Mama."

Akamgeukia yule msichana. "Kunywa chai yako taratibu." Akanisukumia karatasi ileile na penseli. "Basi lichore sasa. Akimaliza kikombe, naamua."

Penseli iligusa karatasi ikateleza juu ya mafuta, haikuacha alama. Nyuma yangu nilisikia kikombe kikiinuliwa.

Nikaikandamiza penseli mpaka mstari wa bega ukaanza kuonekana.