Siku ya Sitini

Kipimajoto kilionyesha thelathini na nane na nusu. Muuguzi alikifuta kwa pamba, akakirudisha kwapani mwa mgonjwa, akasubiri. Ikawa ile ile.

"Nilikwambia, mwanangu," alisema Mama Sindano, mshonaji aliyemaliza dawa za saratani wiki iliyopita, akaletwa kwenye kituo hiki cha mazoezi kujifunza upya kutembea. "Mwili huu naujua kama cherehani yangu. Ukianza kelele hivi, kuna kitu. Nirudisheni hospitali kuu."

Muuguzi alijua. Homa ya mtu aliyetoka kwenye dawa zile, kinga ya mwili ikiwa chini, haisubiri jioni. Akaenda ofisini kwa matroni, akapita mbele ya ubao mweupe: SIKU BILA MGONJWA KURUDISHWA HOSPITALI KUU: 59. Wakubwa waliahidi kwamba zikitimia sitini, mikataba ya wauguzi wa muda itaongezwa. Yeye alikuwa wa muda, mwaka wa nne sasa.

"Umeshampa vidonge vya homa?" aliuliza matroni.

"Bado."

"Basi hujampima." Matroni hakuinua macho. "Mpe, ngoja saa moja, ndipo upime. Au wenzako ukawaambie mwenyewe kwamba kazi imekwisha."

Muuguzi akanywea, akaenda kumpa mgonjwa vidonge. Baada ya saa moja ilikuwa thelathini na saba, akaiandika hiyo, kwa mwandiko mzuri kuliko kawaida yake.

"Imeshuka, mama."

Mama Sindano alijiinua kwenye mto. "Haya. Wewe ndiye uliyesoma." Kisha akacheka kidogo. "Hebu sogea. Kifungo chako kinaning'inia, utatuonyesha mambo." Akatoa sindano na uzi chini ya mto, akakishona, akakata uzi kwa meno.

Alifariki kesho yake saa tatu asubuhi, chai yake ikiwa bado mezani.

Muuguzi aliona haya hata kulia. Matroni alisema tu. Mkono ulioandika ulikuwa wa muuguzi mwenyewe. Akachukua kitambaa, akaenda kufuta ubao ili aandike sifuri.

"Unafanya nini?" aliuliza matroni nyuma yake.

"Tumempoteza mgonjwa."

"Kwani alirudishwa?"

Wenzake walikuwa wamesimama mlangoni, kila mmoja na mkataba wake kichwani. Hakuna aliyemtazama machoni. Akashika kalamu, akanyoosha mkono juu, akaandika sitini. Gauni la kazi lilimkaza kifuani, na kifungo hakikuachia.