Mia Tatu Ishirini na Tatu, Mara Mbili

Mchwa walikula majina yote wakaacha nambari. Mwanakuu aliifungua karatasi ya mirathi mbele ya Mwalimu Jaffar, mjuzi wa hesabu za mirathi, pale mtaani Kuze, mwaka 1947, na kilichosomeka ni mstari wa mwisho tu: mafungu ya nyumba, 323,323.

Nyumba ilikuwa ya babu yake, aliyeacha wana watatu na binti mmoja, Tumu. Sasa Zein, mjukuu wa mwana mkubwa, alitaka kuiuza. Alidai Tumu hakuzaa. Mwanakuu alikuwa mtoto wa kulea tu, na wa kulea harithi. Waliojua vingine walikwisha kuzikwa. Kwa adabu zote alimpa Bi Mwanakuu, kama alivyomwita siku zote, mwezi mmoja wa kuhama chumba alimozaliwa.

Mwalimu hakuwa mtu wa pole nyingi. Alimuuliza Zein, aliyekaa nao pale, mafungu ya watoto wa kila mwana wa yule mzee, wa kiume akihesabiwa mawili, wa kike moja. Zein akataja: babu yake kumi na moja, wa pili kumi na saba, wa tatu kumi na tisa. Mafungu ya nyumba isiyogawanywa huzidishwa kwa mafungu ya watoto wa kila mrithi anayekufa, na hivyo ndivyo hesabu inavyonenepa.

"Lau Tumu hakuvyaa, haki yake ingewarudia nduguze, nyumba ikakatwa kwa tatu," alisema Mwalimu. Akajumlisha tarakimu, akapata kumi na sita. "Kumi na sita haikatiki kwa tatu, basi na hii nzima haikatiki."

Zein akacheka. "Mwandishi kakosea, Mwalimu. Kaandika mia tatu ishirini na tatu, kisha kairudia. Hata kipofu aona."

Kusema kweli, ilionekana hivyo hasa. Mwalimu akaijaribu.

"Mia tatu ishirini na tatu ni kumi na saba mara kumi na tisa, basi. Kumi na moja haimo. Ikiwa hiyo ndiyo nambari, babuyo hakurithi, na wewe huna chako mle."

Zein akasema basi iachwe kama ilivyoandikwa.

Mwalimu akaigawanya nzima: kwa saba, mafungu ya watoto wanne wa yule mzee, sita ya wana na moja la Tumu, kwa kumi na moja, kwa kumi na saba, kwa kumi na tisa. Haikubakisha hata punje. Jibu la mwisho lilikuwa kumi na tatu.

"Hizi si za ndugu yeyote wa kiume," alisema. "Ni za watoto wa Tumu."

"Kaka zangu sita, Mungu awarehemu," alisema Mwanakuu polepole. "Mbili mbili, kumi na mbili. Na mimi."

Kwa uchache alikuwa na fungu moja katika tisini na moja, yaani saba mara kumi na tatu, na bila idhini yake nyumba haiuziki. Zein aliyajua hayo kabla hajaambiwa.

"Shangazi," alisema, "wataka bei gani?"

Mwanakuu aliikunja karatasi. Alikuwa na furaha hadi akaona haya, mtu mzima wa miaka sitini.

"Bei nitaifikiri," alisema. "Hilo neno la mwanzo, lirudie."