Mzunguko wa Wawili Wawili

Watu wa Orvell hawana subira ya kungoja salamu iishe. Sema tu kwamba mwanao unamsomesha mwenyewe nyumbani, uone. Mtu ataacha mkono wako hewani akuulize: sasa huyo mtoto atajuaje kuishi na wenzake? Hakuulizi kama anajua hesabu. Hakuulizi kama anajua kusoma. Lorna Pruitt aliulizwa na daktari wa meno, naye Lorna kinywa wazi hawezi hata kujitetea. Aliulizwa na mwuza nyama. Aliulizwa kwenye mazishi ya shangazi yake, jeneza halijashushwa bado.

Jibu alikuwa nalo. "Keziah yuko kwaya, anafuga sungura na klabu ya vijana wa shamba, na kila Alhamisi tuko maktaba. Keziah, hebu msalimie bwana." Na Keziah, binti wa miaka kumi na mmoja, angesogea mbele, anyooshe mkono, amtazame mtu machoni. "Naitwa Keziah Pruitt. Nimefurahi kukufahamu. Ng'ombe wako wameuvumilia huu ubaridi?" Wazee waliyeyuka. Mwuza nyama alimkatia kipande cha soseji bure. Lorna angetoka pale kichwa juu, kama aliyeshinda kesi.

Kesi ambayo hakuwa ameishinda ilikuwa ya nyumbani kwake. Mumewe Dwight, dereva wa malori ya masafa marefu, alikuwa amechoka kubishana. Mwezi wa Februari, kabla hajaondoka, alimwita mama yake mzazi, Maxine, aje kutoka Omaha akae nao wiki nzima. "Mama ataona mwenyewe," Dwight alisema huku akivaa koti. "Akiniambia mtoto ana mwenzake, hata mmoja tu, mimi sifungui mdomo tena. Akiniambia hana, Agosti anaingia shule. Tumekubaliana?"

Lorna alikubali. Angefanyaje?

Hofu yake ilikuwa moja, na afadhali tuiseme wazi maana yeye mwenyewe alikuwa haisemi. Aliogopa kuzipoteza asubuhi zile. Uji wa shayiri mezani, Keziah ameingiza miguu yake ya baridi chini ya blanketi la mama, anasoma kwa sauti habari za mito na wafalme, anasimama katikati ya sentensi kuuliza swali lisilo na kichwa wala miguu, wanacheka mpaka uji unapoa. Basi la shule lilipita barabara ya changarawe mbele ya nyumba kila siku, na kila lilipopita Lorna alipandisha sauti kidogo mpaka mngurumo upotee. Mtoto alikuwa pale pale, ubavuni pake, naye Lorna alikuwa ameanza kumkumbuka kama mtu aliyekwisha safiri.

Maxine hakuwa mtu wa kuzunguka. Alilea watoto wa kiume wanne peke yake na haogopi kiumbe. Hata mzigo hajaufungua, akamkalisha mjukuu wake.

"Haya, niambie. Rafiki yako ni nani?"

"Bi Opal wa maktaba."

"Ana miaka mingapi huyo Opal?"

"Sabini na nne, Bibi. Lakini meno yote ni yake."

"Mwingine?"

"Bwana Tolliver wa sungura."

"Na yeye ana miaka mingapi?"

"Sijamuuliza. Si adabu."

Maxine alimgeukia Lorna polepole. Lorna alikuwa anasugua sufuria iliyokwisha takata.

"Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, sawa," Maxine alisema. "Lakini mamaye asimfiche huo ulimwengu, mwanangu."

"Hajafichwa, Mama. Jumatatu utawaona wenzake."

Jumatatu ndiyo ilikuwa siku yao. Familia zinazosomesha nyumbani zilikutana kwenye ukumbi wa kuteleza kwa viatu vya magurudumu, kwa sababu saa za shule ukumbi ulikuwa mtupu na mwenyewe, mzee Gus, aliwafungulia kwa bei ya huruma. Kitu ambacho Lorna hakukisema ni kwamba majira hayo ya baridi waliokuwa wakija ni wavulana wa kina Beckwith tu, watu wa kugongana kama kondoo dume, wasioongea na msichana hata kwa dawa. Mwenzake Keziah wa kuteleza naye alikuwa Lorna. Mama huyo alikuwa na viatu vyake mwenyewe vya magurudumu, vyeupe, kamba za buluu.

Basi Jumatatu ikafika. Walipoingia kwenye maegesho Lorna alidhani kuna harusi. Magari yamejaa mpaka kwenye theluji. Ndani, lo! Mji mzima wa watoto. Kelele, muziki, bisi zimemwagika chini, foleni ya mikate ya soseji imefika mlangoni.

"Kuna nini leo?" alimuuliza mama mmoja.

"Walimu wana mkutano wao, shule zimefungwa," yule mama alijibu, akamwangalia kwa mshangao. "Ilitangazwa tangu Krismasi."

Mtu mwenye mtoto shuleni angejua. Mji mzima ulijua, hata mama Beckwith alijua maana ana wapwa shuleni, ndiyo sababu alibaki kwake na wanawe. Lorna ndiye hakujua. Kalenda ya shule haijawahi kutundikwa jikoni kwake, na alikuwa akijivunia hilo.

"Kumbe wenzake ni wengi hivi!" Maxine alisema kwa kejeli. "Nilikusingizia bure."

Lorna alikuwa anamtazama Keziah, aliyesimama mlangoni na viatu kifuani.

"Mama, ni wengi."

"Turudi nyumbani? Tutakuja siku nyingine."

Keziah hakusikia. Alikwisha kaa chini anafunga kamba.

Na alipoingia uwanjani, jamani, acha. Miaka yote ile ya kuwa na sakafu nzima peke yake ilikuwa imemfundisha. Watoto wa shule waling'ang'ania ukuta na kuangukiana, Keziah akapita katikati yao, akageuka, akateleza kinyumenyume mikono imetulia. Wengine walisimama kumwangalia. Maxine alisahau kula bisi zake.

"Huyu mtoto anaruka!"

"Nilikwambia, Mama."

"Hukuniambia. Uliniambia habari za sungura."

Ndipo mzee Gus alipopunguza taa na kubadilisha muziki. "Haya, haya! Mzunguko wa wawili wawili! Shikaneni mikono. Asiye na mwenzake atoke uwanjani."

Watoto wote waliujua mzunguko huo. Wengine walikimbilia ukutani wakicheka, wengine walikwisha shikana. Jumatatu tupu za kina Pruitt hazikuwahi kuwa nao. Wa kumfanyia nani? Keziah aliona tu taa zimekuwa za rangi na sakafu imepungua watu. Akanyoosha mikono, akazunguka katikati ya jozi zile, peke yake, anatabasamu.

"Binti wa sweta nyekundu," Gus akasema kwenye kipaza sauti, na hakusema kwa ubaya. "Samahani mwanangu, uko peke yako. Wapishe wenzako."

Keziah alitazama sweta yake. Kisha akatazama jozi zilizokuwa zikimpita. Alielewa. Akaenda mpaka ukutani walipokuwa wasichana watatu wa rika lake, akasimama wima, akanyoosha mkono kwa yule wa mbele.

"Naitwa Keziah Pruitt. Nimefurahi kukufahamu. Ungependa kuzunguka nami?"

Msichana aliutazama ule mkono. "We vipi? Kwani unagombea ugavana?"

Wenzake wakaanguka kicheko. Si watoto wabaya, tuseme ukweli. Waliona kichekesho wakacheka. Lakini Lorna, aliyekuwa benchi la karibu na akasikia kila neno, alihisi kama amechapwa yeye. Mkono ule aliufundisha yeye. Alimsimamisha mtoto mbele ya kioo cha bafuni akamwelekeza: kidevu juu, macho usoni, shika kwa nguvu. Aliutengeneza ili awajibu watu, na watu walijibika. Hakuna hata siku moja aliyowaza kwamba mtoto mwingine angekuja kuutazama.

Keziah aliurudisha mkono, akaja mpaka kwenye kizuizi mbele ya benchi. Hakulia. Bora angelia.

"Mama, twende sisi. Wawili."

Viatu vyeupe vya Lorna vilikuwa mguuni tayari. Lorna alikwisha inuka nusu, na Mungu anajua alivyotaka kwenda. Kiganja kile alikijua joto lake. Angekishika tu, wangezunguka kama siku zote, na nyuso hizi zote zingekuwa si kitu.

Maxine alimgusa kiwiko. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Nenda naye. Sitamwambia Dwight kitu, naapa. Nitasema nimemwona na mwenzake. Nenda, Lorna, mimi mwenyewe moyo unaniuma."

Ushindi wenyewe ndio huo, umeletwa mkononi. Lorna alimtazama binti yake, akaona jinsi macho yalivyokuwa yakimwacha mama na kurudi uwanjani, kwenye mikono iliyoshikana. Alimwomba mama kwa sababu hapakuwa na mwingine.

Lorna akakaa.

"Mimi hapana, mwanangu. Tafuta mwingine."

"Nimeshamwomba yule."

"Omba mwingine. Na mkono usiunyooshe. Ule ni wa watu wazima. Wewe sema tu, twende."

Keziah alimwangalia kama asiyemtambua. Kisha akageuka. Alikuwepo msichana mmoja mnene, sweta ya kijani, ameukumbatia ukuta kama mtu aliye ukingoni mwa korongo. Keziah alisimama mbele yake, mikono ameikaza mapajani isimponyoke.

"Twende?"

"Sijui kuteleza. Nitakuangusha."

"Huniangushi. Mimi najua."

"Ukiniachia nitapiga kelele, nakwambia."

"Piga."

Wakaenda. Walikwenda vibaya sana, kwa kuvutana na kuyumba, na yule wa kijani akapiga kelele kweli, Keziah akacheka kicheko ambacho Lorna alidhani anakijua chote. Walipopita mbele ya benchi Lorna aliinua mkono. Keziah hakumwona. Walipita tena, na hakumwona tena. Lorna alikuwa ameliombea jambo hili miaka na miaka, na sasa lilikuwa linapita mbele yake na alitaka kulirudisha. Machozi yalimtoka bila kificho. Maxine alimsogezea bisi.

Njiani kurudi, theluji ilikuwa imeanza tena. Keziah alikaa nyuma, mashavu mekundu.

"Anaitwa Darcy. Amesema shule ikifungwa tena atakuja. Mama, shule inafungwa lini tena?"

Maxine aligeuza uso dirishani. Alikuwa na maneno ya kila kitu, lakini hilo alimwachia Lorna.

"Sijui," Lorna akasema.

"Nani anajua?"

"Shuleni. Wao ndio wanaojua."

"Basi twende tukawaulize."

Lorna alishika usukani kwa mikono yote miwili. Barabara ilikuwa nyeupe, nyumba bado haijaonekana.

"Kesho, mwanangu," akasema. "Tutaenda kesho. Leo wamefunga."