Ovaroli ya Injini

Gari lilikuwa limeshaanza kutoka kwenye ploti pale mtaa wa Rhonda, Owino amekaa mbele na mtungi wa oksijeni katikati ya magoti, mkewe Adero nyuma, majirani wakipunga mikono kana kwamba mtu anaenda kuapishwa. Jirani yao Sitati alipunga pia, ila roho ilikuwa inamuuma. Chama cha mabaharia wastaafu kimeleta gari mpaka mlangoni, daktari wa mapafu anangoja Nairobi, pasta ameomba dakika ishirini nzima. Sitati alipoenda kupasuliwa henia alibebwa na bodaboda.

Yeye na Owino ni watoto wa wafanyakazi wa reli, na waliingia jeshi la majini siku moja. Owino akapelekwa chumba cha injini cha meli kuukuu ya kivita. Sitati akapewa ufunguo wa stoo ya blanketi. Watu wa injini walikuwa wakipanda juu weupe kama wasaga unga, kwa sababu ya asbesto waliyobandua kwenye mabomba ya mvuke, na kila mtu aliwapisha njia. Sitati hakuwahi kupishwa njia na mtu. Leo lile vumbi limemla Owino mapafu, na bado ni Owino anayepishwa.

Zeddy, binti aliyetumwa na chama, alikuwa amebaki nyuma na fomu, akitafuta kama kuna mwingine aliyefanya kazi ile. Sitati akavuta kiti.

"Hata mimi nilikuwa injini."

Zeddy akasema jina lake halimo kwenye orodha, labda ana kitu cha kuonyesha. Sitati akaingia ndani, akavuta sanduku chini ya kitanda, akatoka na ovaroli. Ilikuwa ya Owino. Zamani, kila likizo, Sitati alikuwa akiiazima ikiwa chafu, makusudi, ashuke nayo steji ya basi vumbi likionekana, watu waseme fundi wa injini amefika. Mwishowe Owino akamwachia kabisa.

Akaikunjua, akaikung'uta. Zeddy akarudi nyuma na kiti chake, leso mdomoni.

"Mzee, iweke chini. Polepole. Nani alikuwa anafua hii nguo?"

Swali hilo Sitati hakulitegemea. Alikuwa amejitayarishia majina ya mabomba. Jibu likatoka mlangoni, kwa mkewe Nangila, aliyekuwa akichambua mboga ya mrenda.

"Si mimi? Unaianika kwa kamba, unaipiga na fimbo mpaka vumbi liishe, ndio unaloweka. Huyu naye amesimama hapo, anaambia watu hiyo ni vumbi ya meli ya vita." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, akashika kifua.

"Hicho kikohozi ni cha lini, mathe?" Zeddy akauliza.

"Ni moshi wa jiko," Sitati akadakia.

"Jiko ni la gesi, Baba Valarie," akasema Nangila.

Zeddy akaigeuza fomu ya Sitati kifudifudi, akatoa nyingine, akaandika Nangila. Akauliza maswali nusu saa, kisha akapiga simu gari lirudi Alhamisi kumchukua mama. Sitati alikuwa ameshaelewa alichofanya kwa kuleta vumbi lile nyumbani. Lakini aliposikia neno gari, kitu kidogo ndani yake kikauliza mbona yeye, si mimi. Alikichukia kitu hicho, nacho hakikutoka.

"Na wewe mzee, kwa meli ulikuwa wapi?" Zeddy akamwuliza tena.

"Stoo," akasema. "Ya blanketi."

Owino alifariki mwezi wa nane, akazikwa kwao Ugenya. Adero alihamia Elburgon kwa binti yake. Ovaroli ilifungwa kwenye mifuko miwili ya plastiki, ikachukuliwa. Nangila alipigwa picha ya kifua, mapafu yakaonekana yana makovu. Aliishi miaka miwili na miezi minne. Sitati alipimwa, hakupatikana na kitu. Bado anakaa Rhonda. Binti yake Valarie humletea chakula Jumapili, anaweka mezani, anaondoka. Zeddy bado anazunguka na fomu. Juzi alikuwa Kuresoi.