Ijumaa Tulipokihama Chama

Huku kwetu Rongo ukisema "chama" hakuna anayekuuliza kipi. Ni kimoja tu, chama cha Kasia, na mtoto huitambua ile picha ya kasia kabla hajajua kuandika jina lake. Ukipata tiketi yake umepita. Ukiikosa, rudi shambani ukapalilie. Ndiyo maana sisi wachuuzi tulipochoka kupangiwa viongozi kutoka Nairobi hatukufikiria kuhama. Tuliunda vuguvugu letu, Sauti ya Soko, tukisafishe chama tukiwa humo humo ndani. Mimi Mong'ina, muuza ndizi, nikasimama kugombea uenyekiti wa tawi.

Nilikitaka kile kiti, sitajifanya mtakatifu. Nilitaka kukaa meza moja na wale wanaume wanaoijua njia ya sokoni wakati wa kura tu, niwaulize paa la soko liko wapi.

Kikwazo kilikuwa siku. Uchaguzi wa mashinani uliitwa Jumamosi, miaka nenda miaka rudi, na nusu yetu ni Wasabato. Sisi tukiwa kanisani, wengine wanajipanga uwanjani, kila mtu nyuma ya mgombea wake, mlolongo unahesabiwa, kazi imekwisha. Tukitoka ibadani tunakuta tumeshapewa viongozi. Safari hii nilikwenda kwa katibu wa tawi pamoja na Nyangau, mwalimu wa shule ya Sabato na mwandishi wa vuguvugu letu, tukamwambia wazi kwamba Jumamosi hatuitaki.

"Nyar Kisii, wewe ni kichwa ngumu kweli," katibu akaniambia. Huniita hivyo, binti wa Kisii, akitaka kunipaka mafuta. "Haya, nimewasikia. Tutaifanya Friday, saa saba mchana. Mmefurahi?"

Tulifurahi kama watoto. Nyangau aliimba njia nzima, nami nikapita duka kwa duka nikitangaza ushindi. Nikafika kwa Ruqia, muuza leso na mweka hazina wetu.

"Ijumaa saa saba?" akauliza.

"Saa saba kamili."

"Basi nyinyi mkapige kura, sisi tutawaombea dua," akasema, akaendelea kukunja leso zake.

Hapo ndipo akili ilinirudia. Ijumaa saa saba Ruqia, Yakub mwenzetu wa vuguvugu na Waislamu wote wa mjini wako msikitini. Tulikuwa tumepigania siku yetu kwa nguvu hata tukasahau kwamba wenzetu nao wana yao, tena wenzetu wale wale waliokuwa wakisimama uwanjani kila Jumamosi ya uchaguzi kupiga kelele kwamba Wasabato wamefungiwa nje. Sisi tulisahau. Katibu hakusahau.

Nilimrudia mbio, nikamwomba asogeze saa tu. Hata kiti hakunipa.

"Hao ni wangapi, surely? Utashinda bila wao. Chukua ushindi wako, nyar Kisii, uwache maneno mingi."

Alhamisi tukakutana nyuma ya kibanda cha Pamela, Mkatoliki wa Rangwe anayeuza samaki hapa Rongo. Nikasema tukihame chama. Nyangau akaruka juu.

"Dada Mong'ina, nyumba haifagiliwi kutoka nje! Keti kwanza kwa kiti, halafu utabadilisha hiyo saa."

"Nitaibadilisha na nani, kama wenzangu nimewafungia mlango?"

"Omera, mimi nitawaambia ukweli," Pamela akasema. "Sisi Rangwe tulitoka chama. Tulienda tukiimba, tukarudi tumenyamaza. Huko nje ni baridi."

Wote tukamgeukia Ruqia. Akajitengeneza ushungi. "Chukueni kiti," akasema. "Sisi tumezoea."

Neno hilo liliniuma. Laiti angenitukana! Lakini kikao kilikata shauri nigombee, nami nikainamisha kichwa.

Ijumaa ikafika. Mlolongo wangu ulianzia katikati ya uwanja, ukapita magoli, ukaenda kukunja kona kwenye ua. Mpinzani wangu alikuwa na mkia wa watu unaotia huruma. Katibu akaja akasimama karibu nami, akinong'ona kama shemeji.

"Si nilikuambia? Ukishakuwa mwenyekiti nitakufunza hii kazi. Kura si watu, nyar Kisii. Kura ni siku. Ukijua kupanga siku, umemaliza."

Nilimtazama usoni. Hakuwa akinitisha hata kidogo; alikuwa akinikaribisha. Hasira ilinipanda mpaka masikio yakawa moto. Nikakaza leso kiunoni, nikaanza kutembea kuelekea langoni.

"Unaenda wapi? Hatujahesabu!"

"Hesabu nyasi!" nikamjibu.

Sikugeuka nyuma, lakini nilisikia miguu. Mlolongo ulikuwa ukinifuata, akina mama wa mboga, vijana wa bodaboda, Pamela na beseni lake tupu. Tulipofika langoni Nyangau akapanua mikono.

"Rudini! Mnatupa kiti hivi hivi tu? Rudini nyuma yangu!"

Wengi walirudi. Ndiyo, walirudi, nami siwalaumu. Nyangau si mtu mbaya, na walimchagua mwenyekiti kabla sisi hatujavuka barabara. Nilisikia vigelegele vyake nikatamani kulia. Kile kilikuwa kiti changu. Sikulia.

Tukaenda tukasimama nje ya msikiti mpaka watu walipotoka. Ruqia alipotuona alikuja akiwa amekunja uso.

"Nani alikutuma, Mong'ina? Si nilikuambia uchukue?"

"Sikutoka kwa ajili yako, usijipe ukubwa," nikamwambia. "Leo nikikalia kiti kilichowatoa nyinyi, kesho atakayetaka kunitoa mimi nitakuwa nimeshamwonyesha njia. Nimekihama chama. Anayetaka kukisafisha akisafishe, mimi najenga changu."

Akawatazama waliokuwa nyuma yangu, wachache, wenye vumbi miguuni. Yakub naye akaja akasimama kando yake. Kisha Ruqia akaguna.

"Na hicho chama chako kitakutana siku gani?"

"Si Ijumaa!" Yakub akasema.

"Si Jumamosi!" wakapaza Wasabato.

"Na Jumapili msijaribu!" Pamela akafoka, watu wakacheka.

Mtu akataja Jumanne. Kicheko kikakatika, maana Jumanne ndiyo siku yetu ya soko kubwa, na ukiacha meza yako siku hiyo wiki nzima unakula ugali mkavu. Tulitazamana. Nilifikiria ndizi zangu zikiiva bila mnunuzi. Ruqia ndiye aliyeinua mkono wa kwanza, nami nikainua wangu, kisha mikono yote ikawa juu. Tulichagua Jumanne kwa sababu ndiyo siku itakayotuumiza sote sawa.