Dirisha la Kijumba cha Pikapu

Kaka yangu alikuwa fundi rangi. Akipata kazi ya mbali, alilala katika kijumba alichokijenga mwenyewe nyuma ya pikapu yake. Asubuhi moja nilimbishia hodi, hakuitika. Mwishowe nilivunja dirisha kwa nyundo, nikaingia, nikamkuta amelala ubavu, mwili umeshapoa.

Wiki sita baadaye, mkewe aliniita nikaweke kioo kingine. Nilikwangua gundi kuukuu, nikang'oa vipande vilivyobaki kwenye fremu, nikapachika kioo kipya. Shemeji alikishikilia kwa viganja viwili huku nikikaza skrubu.

"Ningevunja mapema," nikamwambia. "Nilibisha robo saa nzima nikidhani ananitania. Si unajua, yeye na usingizi walikuwa chanda na pete."

"Daktari alisema moyo ulisimama usiku wa manane, shemeji. Usingemuwahi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia saa ngapi? Tangu mazishi unanikwepa."

Ni kweli, nilikuwa nikimkwepa. Niliweka bisibisi chini nikalia, naye akaendelea kukishikilia kile kioo mpaka gundi ikashika.